Fahali Jikoni, Usaili Mjini

Wazee walipokuja kuniomba niwe kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji chetu, nilipaswa kukataa. Mjukuu wangu aliniambia nikatae. Alikuwa amechuchumaa mlangoni akifunga kamba za raba, anataka kwenda kukimbia kama alivyofanya kila asubuhi, akasema bila kuinua kichwa, "Guku, kataa. Wewe ukipewa cheo hulali."

Guku ni babu kwa Kisukuma, na hakuwahi kuniita vinginevyo. Nilicheka, nikawaambia wazee kwamba mtoto huyu ana utani mwingi, nikaipokea filimbi ya ukamanda.

Sababu yangu ilikuwa ya kijinga, na sikumwambia mtu. Mjukuu wangu alikuwa ameitwa Shinyanga mjini kwenye usaili wa kuingia chuo cha maafisa wa jeshi. Nikajiona siku ya kuhitimu kwake, nimekaa kwenye viti vya wageni, suti imenibana kwapani, na mzee wa kiti cha jirani ananiuliza, na wewe mwenzangu uliwahi kuwa nani? Ningemjibu nini? Kwamba nilimaliza kidato cha nne nikawa mtunza stoo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba? Nilitaka niwe na cheo cha kumtajia. Ukamanda ulinitosha.

Huyu mtoto tulimlea mimi na mke wangu tangu alipoacha kunyonya. Mama yake, binti yetu, alikwenda Nkome kununua na kuuza dagaa, akanogewa na ziwa, akawa anakuja Krismasi na gunia la samaki wakavu. Mtoto alichelewa kuanza shule kwa sababu nilikuwa na ng'ombe na sikuwa na mchungaji. Hilo nalo ni langu. Alipomaliza kidato cha sita, wenzake wengi walikuwa wadogo kwake, na umri wa kujiunga na chuo kile ulimruhusu mwaka ule tu. Mwaka unaofuata angekuwa ameuzidi umri huo. Tulilijua hilo sote nyumbani, hata jirani zetu walilijua, kwa sababu mke wangu alilitaja kila alipokwenda kisimani.

Alikuwa ameshapita kwenye kambi ya mafunzo, ile wanayokwenda vijana wakimaliza kidato cha sita, na alirudi mtu mwingine. Alikunja blanketi lake likawa kama tofali. Akakunja na la kwetu. Mezani alimaliza ugali kabla mimi sijanawa mikono, kisha akasimama wima akimwomba bibi yake ruhusa ya kuondoka. Bibi yake alidhani ni dharau, akamnyima. Ikabidi nije kuamua.

Akatueleza alivyosimuliwa na waliomtangulia chuoni: mwanafunzi mpya hatembei. Anakimbia kwenda kula, anakimbia kutoka kula, anakimbia hata akienda chooni. Mke wangu akauliza, na akiwa anaharisha? Mjukuu wangu akafikiri kidogo. "Nadhani hapo anakimbia zaidi, bibi."

Cheo kilinipanda kichwani mapema. Jambo la kwanza nililofanya ni kuitisha usaili wa majaribio, ili mtoto aende mjini akiwa ameshazoea kuulizwa na wakubwa. Tulikutana kwenye ghala la pamba la kijiji, ambalo lilikuwa tupu kwa kuwa msimu ulikuwa bado. Wazee walikaa kwenye benchi, yeye akasimamishwa katikati. Kabla ya swali la kwanza ulizuka ubishi kuhusu vyeo, maana mzee mmoja alisema hawezi kumhoji afisa mtarajiwa akiwa raia wa kawaida. Tukampa ukapteni. Wa pembeni yake akataka umeja kwa kuwa amemzidi umri. Mpaka tunaanza, mle ghalani hakukuwa na aliyekuwa chini ya meja isipokuwa mjukuu wangu na yule kapteni wa kwanza, ambaye alikuwa amenuna.

Walimpima urefu kwa upinde wakamkuta ana upinde mmoja na kichwa. Wakamwangalia meno. Mzee mmoja akamuuliza, akiwa mtoni anachota maji na adui akatokea, atamwaga maji au atapigana?

"Natua ndoo kwanza, mzee."

Jibu hilo lilijadiliwa kuliko maswali mengine yote pamoja. Wengine walisema mtu anayetua ndoo adui akiwa mbele yake ana moyo mgumu na atafika mbali. Wengine walisema ni uchoyo wa maji. Mwingine akamuuliza inakuwaje msichana aamrishe wanaume. Akajibu kwamba hata bibi yake hana cheo na kamanda wa sungusungu anamwogopa. Ghala zima lilicheka, nami nikacheka, na tulimpitisha kwa kauli moja.

Jambo la pili nililofanya ndilo lililoniponza. Kwetu kuna mwano. Mtu akiibiwa ng'ombe au akivamiwa hupiga ukelele wa namna yake, anayeusikia naye huupiga, unasambaa vitongoji vyote, na kila mtu mwenye miguu anaacha alichoshika na kukimbilia unakotoka. Asiyekwenda anatozwa faini, na akirudia anatengwa, hakuna wa kumpa moto wala kumsalimia. Makamanda walionitangulia walikuwa na huruma zao. Walimsamehe mgonjwa, mwenye mtoto mchanga, aliyepata ugeni wa wakwe. Mimi nilisimama mkutanoni nikafuta misamaha yote. Nilisema jeshi halina udhuru. Maneno hayo niliyatoa kwa mjukuu wangu, naye aliyatoa kambini, na nilifurahi jinsi yalivyosikika mdomoni mwangu.

Mwano wa kwanza chini ya amri yangu ulimkuta fundi wa kuezeka nyumba akiwa chooni, tumbo limemchafuka. Alifika kila kitu kimeshakwisha. Akajieleza, watu wakacheka, nami sikucheka. Nikamtoza mbuzi. Tulimla yule mbuzi siku ileile, na fundi mwenyewe alikaa nasi akila wali mtupu kwa sababu tumbo lilikuwa bado.

Nimeeleza haya yote ili ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani asubuhi ya usaili.

Alitakiwa kuwa kwenye geti la kambi ya jeshi saa mbili kamili. Kutoka kwetu mpaka mjini kwa bodaboda si mbali, lakini alitaka kuondoka jua likichomoza. Bibi yake alimchemshia viazi. Alivaa fulana nyeupe, suruali ya michezo na raba alizozisugua kwa majivu mpaka zikang'aa. Vyeti vyake alivifunga kwenye mfuko wa plastiki juu ya mfuko mwingine. Mwenye bodaboda alikuwa ameshafika, anapiga resi uani kuku wakikimbia, na mimi nilikuwa nimesimama na filimbi shingoni nimuage kwa heshima.

Ndipo mwano ukalia upande wa magharibi.

Mwenye bodaboda alikuwa wa kwanza. Hakuuliza. Aligeuza pikipiki na kuondoka kuelekea kwenye ukelele, maana naye alikuwa chini ya sheria yangu. Watu wakaanza kupita mbele ya nyumba yetu na pinde na marungu. Mjukuu wangu alisimama na mfuko wake mkononi.

"Guku, niruhusu. Nitakwenda kwa miguu mpaka barabarani, nitapata gari."

Mke wangu akasema kutoka mlangoni, "Baba, mtoto ana safari yake."

Ningeweza kusema nenda. Neno moja tu. Lakini yule fundi alikuwa amesimama njiani kando ya ua wetu, rungu begani, na wenzake wawili nyuma yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri tu kuona.

"Kamanda," akasema kwa upole, "na huyu?"

Nikasema twende wote.

Mjukuu wangu alinitazama, akampa bibi yake mfuko wa vyeti, akakimbia. Na akikimbia yeye, hakuna aliyemshika. Alitutangulia sote akiwa na ile fulana nyeupe, na nitasema ukweli wa aibu, nilijivuna. Nilimwambia mzee niliyekuwa nahema naye, unamwona afisa?

Aliyepiga mwano alikuwa mzee mmoja wa kitongoji cha bondeni. Fahali lake kubwa, lile alilomwekea kijana wake kwa ajili ya mahari, halikuwamo zizini. Alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Alisema wezi watakuwa wameshalipeleka barabara ya Geita, na kufika mchana litakuwa buchani Nyarugusu, linaliwa na wachimba dhahabu. Kwetu ng'ombe yeyote akipotea husemwa ameliwa Nyarugusu. Tulikuta nyayo nyuma ya zizi, mbichi kabisa, zinaelekea kaskazini. Nikapuliza filimbi, tukazifuata.

Tulizifuata kwenye mashamba ya choroko, tukavuka korongo, tukapanda mwinuko wenye mawe. Jua lilikuwa limeshatoka. Mjukuu wangu alikuwa mbele na kila mara aligeuka kuniangalia, na kila mara nilimwonyesha kwa mkono, mbele, mbele. Nyayo zilitufikisha kwenye josho. Pale walikuwepo ng'ombe wengi waliopelekwa kuogeshwa tangu alfajiri, na wenye ng'ombe hao walikuwa majirani wa yule mzee, ambao hupitisha mifugo yao nyuma ya zizi lake siku zote. Tukawazingira. Wakatuuliza kuna nini. Tukawauliza wao kuna nini. Ilichukua muda kuelewana, kwa sababu kila upande ulitaka upande wa pili uweke pinde chini kwanza.

Nilikuwa najiandaa kumwambia mjukuu wangu kwamba sasa anaweza kwenda. Namkumbuka alivyosimama, mikono kiunoni, vumbi mpaka magotini, ameshageukia upande wa barabara. Na hapo mwano wa pili ukalia kutoka kulekule tulikotoka.

Sheria haikusema lolote kuhusu mwano wa pili. Mwano ni mwano. Tukageuka wote tukarudi mbio.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Yule mzee jana yake jioni alikunywa pombe kwenye ngoma, na alipokuwa akirudi akaingiwa na hofu ya wezi. Akaona zizini si salama. Akalitoa fahali akaliingiza kwenye jiko la mkewe, kijumba cha udongo kilicho kando, akafunga mlango kwa kamba, akalala. Mkewe alikuwa msibani kijiji cha pili. Asubuhi mzee aliamka hakumbuki chochote, akaona zizi tupu, akapiga mwano. Fahali lilikuwa hatua chache nyuma yake muda wote, linakula mkeka. Mkewe aliporudi kutoka msibani akafungua jiko awashe moto, akakutana na pembe. Akapiga mwano wa pili.

Tulisimama pale uani watu wote tukilitazama. Lilikuwa limekanyaga vyungu vyote na halikutaka kutoka, kwa sababu mlango ambao lilipita usiku likiwa linasukumwa na mlevi sasa lilikuwa halioni linavyoweza kuupita. Wazee wakaanza kujadili kama mwenye fahali ana kosa. Wakaona hana, kwa kuwa alipiga mwano kwa nia njema na sheria zetu hazikutaja jiko. Nilikubaliana nao. Nilitamka hukumu hiyo mimi mwenyewe, na nilipomaliza kuitamka ndipo nikakumbuka saa.

Mjukuu wangu hakuwepo. Alikuwa amekimbilia nyumbani kuchukua vyeti.

Tulipata lori lililokuwa likienda mjini kuchukua mbegu za pamba. Nilidhani nitapanda na mjukuu wangu tu, lakini wazee wakasema haiwezekani, mtu akichelewa kwa ajili ya mwano jeshi zima la kijiji linamtetea. Wakapanda. Fundi naye akapanda. Hakuna aliyefikiri kwamba wazee wenye pinde na mishale wakishuka kwa pamoja mbele ya geti la kambi ya jeshi hawatatazamwa kama wageni wa kawaida.

Askari wa getini alituambia tusimame palepale. Akauliza tunatoka wapi na silaha.

"Hizi si silaha," mzee mmoja akamjibu, yule kapteni aliyenuna. "Hizi ni za kijiji."

Tukaamriwa kuziweka chini. Tukaziweka, lakini si haraka, kwa sababu kila mmoja alitaka upinde wake ukae mbali kidogo usije ukachanganyika. Askari alingoja. Kupitia nondo za geti niliwaona vijana wa usaili wamepangwa juani, wana fulana nyeupe kama ya mjukuu wangu ilivyokuwa asubuhi, vitambaa vya namba vifuani. Mmoja alikuwa anarukaruka kwa mguu mmoja mbele ya daktari. Mjukuu wangu alikuwa anawatazama, na alikuwa amesimama wima namna ileile waliyosimama wao.

Akaja afisa, kijana ambaye angeweza kuwa kitindamimba wangu. Akatuamkia shikamoo wazee, tukaitikia marahaba kwa pamoja kama kanisani. Nikamweleza yote. Nilimweleza nyayo, josho, mwano wa pili, fahali jikoni. Askari wa getini aligeuza uso akatazama ukuta. Afisa hakucheka. Alimgeukia mjukuu wangu.

"Binti, uliambiwa saa ngapi?"

"Saa mbili kamili, afande."

"Nani alikuchelewesha?"

"Nilichelewa mwenyewe, afande."

Fundi akasema kutoka nyuma, "Si kweli. Kamanda ndiye alisema twende wote."

Basi nikasogea mbele. Niligonganisha visigino, nikapiga saluti niliyokuwa nimejifunza kwa mjukuu wangu, nikasema kamanda ni mimi. Nilipaswa kusema mimi ni babu yake. Afisa aliipokea saluti yangu vizuri, kwa heshima, bila dhihaka. Akanieleza kwamba tangu asubuhi amewarudisha wengine, mmoja basi lilimharibikia njiani. Kisha akashusha sauti.

"Mzee, wewe ni kamanda. Mtu wako akichelewa mwano unamfanyaje?"

"Namtoza."

"Hata akiwa na sababu?"

"Hata akiwa na sababu."

Alikuwa ameshika komeo la geti, nakumbuka, na mkono wake haukuwa umekaza.

"Sasa ungekuwa wewe ndiye mimi hapa, ungefungua?"

Wazee wote walikuwa wananisikiliza. Fundi alikuwa ananisikiliza. Nilimfikiria yule mbuzi, nilifikiria mkutano niliosimama nikasema jeshi halina udhuru.

"Nisingefungua," nikasema.

Nyuma yangu wazee waliguna kwa kuridhika. Mmoja akasema, "Umejibu, kamanda." Afisa akanitazama kwa muda, akanipa mkono, akasema asante mzee, akarudi kwa wale vijana. Askari akaturuhusu kuchukua pinde zetu. Zilikuwa zimechanganyika.

Njia nzima ya kurudi, tumekaa juu ya magunia ya mbegu, wazee walisifu jibu langu. Walisema nimemweza yule kijana, kwamba hakuwa na la kuongeza. Mjukuu wangu alikaa nyuma kabisa ya lori, miguu inaning'inia, anaitazama barabara. Tuliposhuka ndipo aliposema.

"Guku, yule alikuwa anakupa nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kuomba."

Nilitaka kumjibu kwamba kamanda haombi. Sikusema, na hilo ndilo pekee nililolifanya sawasawa siku ile. Alikwenda ndani akakaa na bibi yake. Nilisikia mke wangu analia. Yeye sikumsikia.

Mwaka uliofuata tangazo lilitoka tena na umri wake ulikuwa umepita. Alikuwa ameshaondoka. Alikaa Nkome kwa mama yake kwa miezi kadhaa akianika dagaa, kisha akaenda Nyarugusu, ambako anasimamia karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Waliokwenda huko wanasema anaheshimika, kwamba wachimbaji wakianza ugomvi anasimama tu katikati na wanatulia. Wanasema anakohoa kwa sababu ya vumbi. Filimbi niliirudisha, na aliyeipokea baada yangu alirudisha misamaha yote siku ya kwanza, hakuna aliyepinga.

Mke wangu alipofariki, mjukuu wangu alikuja kumzika. Alikaa upande wa wanawake, akapika, akaosha vyombo, akamaliza matanga. Watu wote wazima waliokuwepo aliwaamkia. Mimi alinipita. Kabla jua halijachomoza alikuwa ameshaondoka na gari la kwanza. Mama yake akinipigia simu siku ambazo mjukuu wangu amekwenda kumtembelea Nkome, nasikia wakati mwingine sauti ya mjukuu wangu nyuma, anauliza ni nani, anaambiwa, na sauti inasogea mbali.

Kwa hiyo nilipoteza hivi: mjukuu wangu hakuwa afisa, na angeweza kuwa. Mtoto niliyemlea tangu alipoacha kunyonya haji kwangu na haongei nami. Naishi peke yangu katika nyumba hii, na sitarajii kwamba atakuja.